Uvira: mwamba uko mbali kiasi gani chini ya nyumba zetu?

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya wakaaji wamejenga juu ya mchanga, mawe na tope vilivyoletwa na mito kama Mulongwe na Kalimabenge. Mafuriko ya Aprili 2020 yalikumbusha kwamba mito hiyo bado inaendelea na kazi yake.

Hatari nyingine ni tetemeko la ardhi, kwani Uvira iko ndani ya Bonde la Ufa. Desemba 5, 2005, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga upande wa Kalemie. Februari 3, 2008, lingine liliua watu Bukavu na Rusizi, nchini Rwanda.

Tetemeko moja halitikisi makartie yote sawasawa, maana udongo laini ulio juu ya mwamba huongeza mtikisiko. Septemba 19, 1985, tetemeko lililoanzia pwani ya Meksiko liliua maelfu ya watu katika mji mkuu, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Mitaa iliyojengwa juu ya ziwa la zamani ndiyo iliyoumia zaidi.

Kutafuta mwamba hakulazimu kuchimba kila mahali. Mashine ndogo ya kurekodi mitetemeko huwekwa chini kwa muda mfupi, isikilize mitikisiko ya kila siku: mawimbi, upepo, malori. Rekodi huonyesha ardhi ya pale inapenda kutikisika mara ngapi kwa sekunde. Kama ni mara 3, na mawimbi hupita udongoni kwa mita 300 kwa sekunde, hesabu ni 300 kugawanya kwa 12: mwamba uko karibu mita 25. Ikiwa ni mara 1, uko mita 75. Nchi za baridi hutumia njia hiyo penye udongo ulioachwa na barafu ya kale. Hata hivyo, ni makadirio: mwendo wa mawimbi unapaswa kupimwa, na visima vichache vihakikishe.

Kwa mjenzi, hesabu hiyo ina uzito. Nyumba ya etaji tatu hivi nayo hutikisika karibu mara 3 kwa sekunde. Juu ya udongo wa mita 25, ardhi na nyumba vitasukumana pamoja. Kwa hiyo udongo mwembamba si salama kwa kila jengo.

Kivu Kusini ina kituo cha utafiti cha Lwiro, kinachofuatilia matetemeko tangu enzi ya ukoloni. Kupima kartie kwa kartie kabla ya kujenga shule, hospitali na nyumba za etaji kungegharimu kidogo kuliko kujenga upya.