Kiki Mtandaoni, Filamu kwenye Memori Kadi

Machi 2012 Simiyu ilitangazwa kuwa mkoa, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Mwezi uliofuata, Aprili 7, akafariki nyota wa filamu za Kibongo, Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga hiyohiyo. Enzi zake, filamu mpya ilitambulika kwa bango lililobandikwa mlangoni mwa duka la CD. Leo kijana wa Bariadi, mkoani Simiyu, anaona vipande vya filamu kwenye TikTok wakati uleule anaoviona mwenzake wa Sinza, Dar es Salaam.

Wanapoachana ni baada ya hapo. Wa Sinza hupanda daladala hadi jumba la sinema la Mlimani City akakata tiketi. Wa Bariadi huenda kibanda umiza, au huchukua simu yake kwa fundi mwenye kompyuta, akaingiziwa muvi kadhaa kwenye memori kadi kwa bei ya soda. Tangazo limemfikia na filamu ameitazama, ila aliyeitengeneza hajapata kitu.

Lawama zote hutupiwa maharamia. Ni wezi, hilo halina ubishi. Lakini watayarishaji nao wana lao: wamejifunza kupiga kelele mtandaoni kabla ya kujifunza kuuza. Filamu ikikaribia kutoka, Instagram hujaa uchumba uliovunjika na ugomvi wa wasanii ambao juzi tu walikula sahani moja. Ndiyo kiki. Kasoro yake ni kwamba ugomvi wenyewe ni mchezo kamili, wenye mwanzo na mwisho, tena wa bure. Akishautazama, mtu anunue filamu ya nini?

Hata Hollywood kelele zimewahi kuwabeba, na zimewahi kuwaponza. Mwaka 1999 The Blair Witch Project, filamu ya bei chee, ilitangazwa kwa tovuti iliyowafanya watu waamini kisa ni cha kweli, ikaingiza karibu dola milioni 250. Mwaka 2006 Snakes on a Plane ikatamba mtandaoni miezi mingi kabla ya kutoka, halafu mapato yake yakawa chini ya matarajio. Na hao wana majumba ya sinema karibu kila mji.

Mfano wa kujifunza uko jirani zaidi. Mwaka 2010, Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, aliweka YouTube trela ya Who Killed Captain Alex?, filamu iliyogharimu dola zisizofika hata mia chache. Trela ilizunguka dunia, mpaka mpenzi mmoja wa filamu, Alan Hofmanis, akafunga safari kutoka New York kwenda kumtafuta Nabwana. Ila kwa Waganda wenzake, Nabwana hakutegemea YouTube. Waigizaji wenyewe walibeba DVD wakauza nyumba kwa nyumba, haraka, kabla maharamia hawajazirudufu. Mtandao ulikuwa wa walio mbali. Kwa jirani walitumia miguu.

Simiyu, yenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa ya 2022, inastahili hesabu kama hiyo. Trela ya dakika mbili haimalizi bando. Filamu ya saa mbili inalimaliza. Kumwambia mtu wa Meatu aitazame mtandaoni ni sawa na kumtumia mwaliko bila nauli. Yule fundi wa memori kadi anawajua wateja wake kuliko studio yoyote ya Dar es Salaam. Kumfanya wakala, apokee nakala halali siku ya kwanza na atume mgawo wa mtayarishaji kwa simu, si kazi nyepesi, na wapo watakaosema ni kumzawadia mwizi. Huenda. Lakini kumkimbiza kumeshajaribiwa miaka mingi, na kompyuta yake bado iko mezani.

Kalenda ya kutoa filamu nayo ni ya Dar es Salaam. Simiyu, kwa kawaida ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na miezi inayofuata ndipo magulio huchangamka. Trela inayotoka Desemba kuwahi sikukuu inamkuta mkulima wa Itilima yuko shambani anapanda, na fedha za pamba zilikwisha zamani.