Ewe Mchekaji, Nawe ni Mtungaji

Ndugu msomaji, wako wasemao, "Hicho ni kichekesho tu, wala hakikuandikwa." Kana kwamba lisiloandikwa na waja haliandikwi na Malaika! Suratu Qaf, aya ya 18, yatosha kuwajibu.

Hebu kwanza tupambanue. Si kila igizo ni la papo kwa papo. Ngonjera zilizosomwa mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilihifadhiwa neno kwa neno. Kichekesho ni kingine: wachezaji hupatana kisa, kisha kila mmoja hutoa maneno yake palepale jukwaani. Ndivyo vilivyocheza vikundi vya Dar es Salaam katika miaka ya 1980, kama Muungano, baina ya ngoma, sarakasi na taarab. Bibi atoaye ngano, akibadili sauti ya sungura na ya fisi huku wajukuu wakimwitikia, naye yumo. Yumo pia mvaa kinyago cha mapiko, ng'ambo hii ya Ruvuma na ile, aigizaye mwendo wa mtu akisikilizana na ngoma.

Mitindo ni mingi, lakini sharti ni moja: watazamaji. Asiye na maandishi husoma nyuso zenu. Mkicheka, huzidisha, mkinyamaza, hubadili njia. Basi watungaji ni ninyi.

Sasa nakuuliza, wewe wa Mikindani na wewe wa Msimbati: arusini anapotokea mwigizaji wa "mshamba wa Newala", akakejeli lafudhi yake, na chale na ndonya ya bibi yake, wacheka nini? Huyo wa Newala huenda Ijumaa mkasimama safu moja. Na wale waliovuka Ruvuma kwa vita vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, wajukuu wao ni jirani zako, na jirani ana haki yake. Suratul Hujurat, aya ya 11, yakataza watu kuwadhihaki watu. Haikusema "isipokuwa arusini".

Je, tuvunje maigizo? La hasha! Aigizaye bahili, mla riba au mume dhalimu atuonyesha aibu zetu. Ucheke tabia mbaya, lakini inapochekwa asili ya mtu, nyamaza. Ukimya wa ukumbi mzima utamfunza mchezaji upesi kuliko mawaidha kumi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na shari ya ndimi zetu, na ya vicheko vyetu. Amin.