Wanaowacheka Mashabiki wa Hanyu

Limekuwa jambo jepesi kumcheka mwanamke wa makamo wa Kijapani aliyepanda treni kutoka Osaka hadi Sendai, bendera mkononi na dubu wa kitambaa mfukoni, ili amtazame kijana mmoja akiteleza juu ya barafu kwa dakika nne. Huchekwa na magazeti ya kila wiki ya Tokyo, huchekwa na wachambuzi wa michezo wa Ulaya na Marekani, na aghalabu huchekwa na mumewe na wanawe pia. Huitwa mwendawazimu. Husemwa kuwa amekosa kazi ya kufanya, kuwa amemfanya kiumbe mwenziwe mungu, kuwa anapenda pasipo kupendwa. Na tangu Novemba 2023 limeongezwa shtaka zito kuliko hayo yote: kwamba yeye na wenziwe ndio walioivunja ndoa ya kijana huyo.

Shtaka hilo lina chembe ya ukweli na pishi ya uzushi, na wanaolitoa wamefaidika mno kwa kuvichanganya viwili hivyo.

Kijana mwenyewe ni Yuzuru Hanyu, aliyezaliwa Sendai, kaskazini-mashariki ya Japani, tarehe 7 Desemba 1994. Asiyejua kilichotokea katika mji huo tarehe 11 Machi 2011 hana haki ya kuwahukumu wanaompenda. Siku hiyo Hanyu, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa katika mazoezi uwanjani wakati ardhi ilipotetemeka. Alikimbia nje na viatu vyake vya kutelezea vikiwa bado miguuni. Yeye na jamaa zake walilala siku kadhaa katika ukumbi wa shule pamoja na wengine waliokimbia makazi yao, na bahari ikawa imekwishapanda nchi kavu. Waliokufa na wasioonekana tena walizidi 18,000. Uwanja wa barafu ukafungwa kwa miezi. Mtelezaji asiye na barafu ni kama nahodha aliyepwelewa, basi kijana yule akawa anazunguka mji hadi mji, akishiriki maonyesho yapatayo 60, madhumuni yake yakiwa kupata mahali pa kufanyia mazoezi. Mwaka uliofuata, mjini Nice, alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia. Mwaka 2014, huko Sochi, akawa mwanamume wa kwanza kutoka Asia kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Novemba 2017 aliumia kifundo cha mguu wa kulia, watu wakamkatia tamaa. Februari 2018, huko PyeongChang, akaitwaa dhahabu kwa mara ya pili mfululizo, jambo ambalo mwanamume yeyote hakuwa amelifanya tangu Mmarekani Dick Button mwaka 1948 na 1952.

Hapo ndipo husemwa: basi mashabiki hawa wanaabudu ushindi tu. Lau ingekuwa hivyo, mapenzi yangekoma Beijing mwaka 2022. Huko mguu wa Hanyu uliingia katika kishimo kilichokuwa kwenye barafu, mruko wake wa kwanza ukaharibika, akawa wa nane. Siku ya pili ya mashindano aliweza kuteleza kwa tahadhari akaokoa alama. Hakufanya hivyo. Alijaribu mruko wa Axel wa mizunguko minne na nusu, ambao mwanadamu hakuwa amewahi kuufaulu katika mashindano, akaanguka, na mwisho akawa wa nne. (Mmarekani Ilia Malinin ndiye aliyekuja kuufaulu, Septemba mwaka huo huo.) Wapenzi wa ushindi wangehamia kwa mshindi. Hawa wa Hanyu, mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Februari 2023, waliijaza Tokyo Dome, uwanja wa besiboli uliotandazwa barafu kwa ajili yake peke yake: watu 35,000 kumtazama mtu aliyekwishaacha mashindano tangu Julai 2022, asiyegombea tena medali yoyote. Na Machi 2023 walikwenda katika ukumbi mkubwa wa Rifu, jirani na Sendai, alikotayarisha onyesho la kukumbuka maafa. Ukumbi huo mwaka 2011 ulitumika kulazia maiti. Mwenye kuuita mkusanyiko wa namna hiyo kuwa ni wazimu wa wanawake ajiulize yeye mwenyewe aliwahi kukaa wapi kuwaombolezea watu asiowajua.

Liko pia jambo la ujuzi, ambalo wacheka-watu hawataki kulisikia kwa kuwa linawaondolea raha. Shabiki wa Hanyu si mtu wa kupiga mayowe tu. Anajua kuwa Axel ndio mruko pekee unaoanza mtelezaji akiwa ameelekea mbele, na kwa hiyo una nusu mzunguko zaidi ya mingine. Anajua makali gani ya chuma yaliukata ukingo wa barafu, la ndani au la nje. Anakumbuka mchezo mmoja jinsi ulivyokuwa Nagano mwaka 2015 na ulivyokuwa PyeongChang miaka miwili na ushei baadaye, mkono ulipoinuliwa mapema, pumzi ilipocheleweshwa. Hanyu alipoteleza mchezo wa "Seimei", uliotokana na habari za Abe no Seimei, mnajimu wa enzi za Heian, alikwenda kuzungumza na Nomura Mansai, mwigizaji wa kyogen aliyemwigiza mnajimu huyo katika filamu ya mwaka 2001, ili ajifunze maana ya mkono kuinuka na mguu kukanyaga. Mashabiki nao walishika njia ya Kyoto kwenda kulizuru hekalu la Seimei, wakaning'iniza huko vibao vya mbao vyenye dua za kumwombea afya. Kadhalika Kobe, katika hekalu ambalo jina lake linakaribiana na lake. Mwenye kupenda ushairi ataielewa hali hii bila ya kufafanuliwa: msikilizaji asiyejua vina na mizani husikia sauti nzuri tu, na ajuaye husikia pale mshairi alipojitia mtegoni akajinasua.

Wala ujuzi wa aina hii haukuletwa na televisheni. Katika majumba ya kabuki wako watazamaji wakongwe wakaao viti vya nyuma, ambao humlilia mwigizaji kwa jina la nyumba yake pale pale anapotulia katika umbo lake la mwisho. Mlio ukitangulia au ukichelewa kidogo, umeharibu. Katika mji wa Takarazuka, ambako tangu mwaka 1914 wanawake watupu huigiza nafasi za kiume na za kike, mashabiki kwa miaka mingi walikuwa wakingoja nje ya jumba kwa safu zilizonyooka, nyota wao apite, wampe barua zao, basi. Kungoja huko kulikuwa na kanuni na adabu, na muda wa kujifunza.

Hata wale dubu wanaochekwa sana wana maelezo yao. Hanyu alikuwa na kasha la karatasi laini lenye umbo la Winnie-the-Pooh, aliloliweka ukingoni mwa uwanja. Watazamaji wakaona, na kila alipomaliza mchezo mvua ya dubu wa manjano ilimiminika barafuni, hata watoto waliopewa kazi ya kuwaokota wakawa hoi. Aliyewahi kuketi katika taarabu akaona bibi anainuka kitini, anakwenda kwa madaha mpaka jukwaani, noti mkononi, hapaswi kustaajabu. Mcheza kwao hutunzwa. Pana tofauti moja, nayo haiwaaibishi Wajapani hata kidogo: anayetunza katika taarabu huwa mara nyingi anamrushia mtu mwingine ujumbe, hali dubu yule hana kijembe. Baada ya PyeongChang Hanyu alisema dubu wale wangebaki kwa watu wa pale. Zawadi ya namna hii, isiyobaki kwa mpokeaji wala kumrudia mtoaji, yaitwaje wazimu?

Sasa ndoa. Mwanzoni mwa Agosti 2023 Hanyu alitangaza kuwa ameoa, bila ya kumtaja aliyemwoa. Tarehe 17 Novemba, siku 105 baadaye, alitangaza kuwa wameachana. Katika tamko lake alieleza kuwa mwenzi wake, jamaa zao na yeye mwenyewe walikuwa wakiandamwa, wakitukanwa, wakinyemelewa na wakiandikwa bila ya idhini, hata mwenzi wake akashindwa kutoka nje ya nyumba. Alimtakia mwenzi huyo maisha yasiyo na vizuizi, na kwa ajili hiyo akamwachilia.

Kadhia hii ni ya kuhuzunisha, na kilichofuata kilikuwa cha kuchukiza. Kulipokucha, magazeti yalikwisha kutoa hukumu: mashabiki. Tamko lilikuwa limetaja mambo mawili bega kwa bega, yaani maudhi ya watu na uandishi usio na idhini, lakini lilipofika mikononi mwa waandishi wa aina fulani, la pili likadondoka njiani. Je, ni mashabiki waliolichimbua jina la mke na kulichapa? Ni wao waliokwenda kuwagongea jamaa zake kuwauliza habari za utotoni mwake? Ni wao, kwa miaka kumi, waliomwita kijana yule mwana wa mfalme katika vichwa vya habari, wakaichapa picha yake majaladani mwezi baada ya mwezi, wakijua kuwa mwana wa mfalme asiye na mke huuza zaidi kuliko mwenye mke? Waliopanda shamba lile wakalivuna, kisha wakaja wakaliita jangwa, walistahili kusutwa hadharani. Badala yake walikaa katika viti vya hakimu.

Walakini utetezi wa mashabiki nao una tundu, na kulipita kimya ni kuwaonea kinyume. Wengi wao walijibu kwa kusema: waliofanya hayo si mashabiki wa kweli. Jibu hilo ni rahisi kupita kiasi. Aliyesimama gizani karibu na nyumba ya watu yumkini alijua tofauti ya makali ya ndani na ya nje sawa na mwenziwe. Yumkini alikuwa na bendera ile ile. Ujuzi wa sanaa haumpi mtu haya. Na iko lugha iliyozoeleka miongoni mwa mashabiki, ya kumwita mtu mzima mwenye miaka 28 mtoto wetu, ya kusema tumemlea, tumemfikisha hapa, ambayo husikika kama mapenzi ya mama na ndani yake mna hati ya kumiliki. Mtoto huulizwa anatoka na nani. Mtoto hukatazwa. Ni kundi dogo lililofika mlangoni pa mtu, lakini njia iliyowafikisha ilifagiliwa na wengi wasiokuwa na nia mbaya.

Mwandishi kijana wa Kijapani, Rin Usami, alipewa tuzo ya Akutagawa mwanzoni mwa mwaka 2021 kwa riwaya yake juu ya msichana aliyeyatoa maisha yake yote kwa mwimbaji mmoja. Mwimbaji anampiga shabiki, jina lake linaharibika, hatimaye anaiacha kazi. Mwishoni msichana anafika chini ya jengo anamoishi mtu yule, na kinachomkata maini ni jambo dogo: mwanamke ametokea roshanini na nguo zilizofuliwa. Mapenzi yake yaliweza kustahimili fedheha na kashfa. Hayakuweza kustahimili nguo za kuanikwa, kwa sababu zilimwonyesha kuwa kuna siku nzima za mtu yule ambazo hazimhusu. Usami hamcheki msichana huyo hata mara moja, wala hamtetei. Laiti waandishi wa magazeti wangemsoma.

Watunzi wa mashairi ya mapenzi wa pwani ya Waswahili walilijua jambo hili mapema. Mpenzi alikuwa ua, alikuwa njiwa, alikuwa lulu, chombo, tunda la mti wa mbali. Jina lake halikutajwa, na aliyejaribu kulikisia barazani alionekana mtovu wa adabu. Wasomi wa siku hizi hulieleza fumbo hilo kuwa ni pambo la lugha. Lilikuwa pia ukuta wa nyumba ya mtu. Mshairi aliweza kulia hadharani usiku kucha kwa sababu aliyeliliwa aliweza kupita njiani asubuhi bila ya kunyooshewa kidole. Shabiki aliyeingiza barua yake katika kikasha cha ukumbi akarudi zake nyumbani yumo katika desturi kama hiyo, ajue asijue, na heshima anayonyimwa ni haki yake. Aliyeufuata mlango ametoka humo, hata kama amehudhuria kila onyesho tangu Nice.

Januari 2024, miezi miwili baada ya tamko lile, Hanyu aliteleza Saga, katika kisiwa cha Kyushu, na waliokuwamo vitini ni wale wale waliokuwa wakitukanwa kwa jumla magazetini. Hakuna mhariri aliyeandika kuomba radhi kwao. Ama yule mwanamke aliyeshindwa kutoka nyumbani kwake, yeye ndiye mwenye deni kubwa zaidi la kudai, kwa waandishi kwanza na kwa mashabiki baadaye, na jina lake halina haja ya kutajwa katika kurasa hizi.