Milango Mitatu ya Mkono

Moyo hupeleka damu mwilini mwote, nao wenyewe hulishwa kwa mishipa myembamba iliyouzunguka kama taji. Mmoja wao ukizibwa ghafula na damu iliyoganda, nyama ya moyo huanza kufa. Hapo waganga hushindana na saa. Huingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu, huusukuma hadi moyoni, hutanua puto dogo mahali palipoziba, kisha huacha wavu mdogo wa chuma ili njia isifunge tena. Kazi hiyo ya puto ilifanywa mara ya kwanza na Andreas Grüntzig mjini Zürich, Uswisi, mwaka 1977.

Lakini mrija uingilie wapi? Kwa miaka mingi uliingilia kinenani. Mshipa wa hapo ni mpana, lakini umelala ndani; na mgonjwa huyu amekwisha kupewa dawa za kuzuia damu isigande. Basi damu yaweza kuvuja chini ya ngozi bila kuonekana. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, alieleza namna ya kupiga picha ya mishipa ya moyo kwa kupitia mkononi. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam, Uholanzi, alianza kuizibua kwa njia hiyo hiyo.

Mkononi penyewe iko milango mitatu. Wa kwanza upo kwenye kifundo, upande wa kidole gumba, pale mwuguzi anapohesabu mapigo. Mshipa huo uko karibu na ngozi, juu ya mfupa, na hivyo damu huzuiliwa kwa kuukaza kwa mkanda tu. Kasoro yake ni kwamba pengine huziba baadaye. Lakini kwa kawaida kiganja hakikosi damu, kwa sababu kinalishwa na mishipa miwili inayokutana.

Mlango wa pili ni huo mshipa mwenziwe, upande wa kidole kidogo. Umejificha zaidi, tena uko jirani na neva. Kwa hiyo waganga wengi huutumia pale wa kwanza unaposhindikana.

Wa tatu ni mpya. Inua kidole gumba chako, utaona kishimo nyuma ya mkono. Kiemeneij aliueleza mlango huo mwaka 2017. Hata mshipa ukiziba hapo, damu huendelea kupita katika tawi liendalo kiganjani, na mshipa wa kifundo hubaki wazi. Lakini hapo ni pembamba zaidi. Katika uchunguzi wa DISCO RADIAL wa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 1300, kuziba kulikuwa kwa nadra katika njia zote mbili, lakini waliojaribu kishimo walilazimika mara nyingi zaidi kuhamia mlango mwingine.

Tuchague upi, basi, wakati wa hatari? Uchunguzi wa MATRIX wa mwaka 2015, juu ya wagonjwa 8404, ulionyesha kwamba waliopitiwa mkononi walivuja damu kwa uchache na kufa kwa uchache kuliko waliopitiwa kinenani. Ule wa SAFARI-STEMI, uliofanywa Kanada na kutangazwa mwaka 2020, haukuona tofauti ya vifo. Fundisho letu ni hili: kifundo ndicho mlango wa kwanza, ikiwa mganga amekizoea; na ikiwa mkono unachelewesha kazi, abadili njia upesi. Uzuri wa mlango haulipi dakika zilizopotea.

Nazo dakika nyingi hupotea nyumbani kabla ya kufika kwa mganga. Ndugu akibanwa kifuani, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, akatokwa jasho baridi na kukosa pumzi, tusimkande wala tusingoje asubuhi. Tumpeleke hospitali mara moja. Ngojangoja huumiza matumbo; hapa huua moyo.