Samaki wa Naivasha na siri ya vibanda visivyokufa

Mtu wa Pwani akiambiwa akale samaki Naivasha, kwanza hucheka. Samaki wa ziwa twamjua kwa harufu ya tope, na huko bara hakuna tui wala ukwaju wa kumficha. Mimi pia nilicheka. Kisha nikapita barabara ya Moi South Lake siku ya Jumapili, nikaona magari yaliyotoka Nairobi, mwendo wa kilomita kama 90, yamepangana kando ya vibanda vya mabati kule Kamere. Watu wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu.

Nilipoingia kimoja, nikamkuta mama kwenye karai la mafuta, mwanawe anaparua magamba, mkaza mwana anasonga ugali. Nikamuuliza mama, "Huyu wa lini?" Hakujitetea. "Wa asubuhi, kaka. Mfungue mashavu umwone mwenyewe." Nikafungua, mashavu mekundu. Akachanjwa, akatiwa chumvi, akazamishwa kwenye mafuta, akaja na ugali, sukuma wiki na kachumbari. Pilipili ilikuwa ya kawaida. Mkaangaji yeyote wa Mombasa angemshinda kwa viungo.

Kwa hivyo wanaosema vibanda hivi hudumu kwa sababu ya mapishi, mimi sikubaliani nao. Kinachovidumisha ni ufupi wa njia kutoka kwenye wavu hadi kwenye karai, na kwamba katika njia hiyo yupo mtu mmoja unayemjua sura. Mama anamjua mvuvi, huenda ni shemeji yake. Samaki akiwa mbovu, wewe utarudi kwa mama, na mama atarudi kwa mvuvi. Hoteli kubwa yenye stakabadhi haina jambo hilo.

Tena si kwamba ziwa lenyewe limewarahisishia. Karibu samaki wote wanaoliwa pale ni wageni. Bass wa Marekani aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1920, tilapia wakafuata, kamba wa maji baridi kutoka Louisiana akaja 1970, na mwaka 2001 akaonekana kapu (si kapu la sokoni, ni samaki), ambaye baadaye akawa ndiye anayejaza nyavu kuliko wengine wote. Ana miiba mingi, na wateja walimkataa mwanzoni. Wakaangaji ndio waliowafundisha kumla, kwa kumchanja mistari ya karibu karibu ili miiba midogo iive na mafuta. Hilo halikutoka kwa afisa wa wizara.

Mwaka huohuo wa 2001 uvuvi ulifungwa kwa karibu mwaka mzima kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Mapema 2010 samaki wakafa kwa wingi, vidole vikanyooshewa mashamba ya maua na maji machafu ya mji, na wateja wakaogopa. Kisha 2020 ziwa likapanda. Mtaa wa Kihoto ukaingia maji, viboko wakasogelea nyumba, na fuo za kutulia mashua zikamezwa. Mwaka 2025 maji yakarudi Kihoto tena. Kila mara vibanda vikasogezwa nyuma hatua kadhaa, mabati yakapigwa misumari upya, karai likawekwa motoni.

Lakini tusijidanganye kwamba uvumilivu wao hauna mwisho. Twende hatua mbele, Nakuru mjini. Ziwa Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa na uvuvi hauruhusiwi, tena mamlaka zimeonya kuwa samaki wake wana madini ya sumu. Hata hivyo kuna wanaoingia usiku na kuvua. Samaki huyo akishafika mtaani, tuseme Bondeni (ndiyo, Nakuru nako kuna Bondeni kama yetu), hana alama usoni. Mkaangaji mwaminifu anayenunua kutoka Naivasha huadhibiwa pamoja na asiye mwaminifu, kwa kuwa mteja haoni ziwa. Njia imerefuka kidogo tu, na tayari uaminifu umeingia doa.

Ongeza samaki wa kuganda kutoka China, ambao mwaka 2018 walimfanya hata Rais Uhuru Kenyatta azungumze hadharani dhidi yao. Ni rahisi, wana ukubwa mmoja, na hawahitaji mvuvi wa kumjua. Kibanda kikishakubali kuwauza hao, kitabaki kibanda tu.

Kwa nini jambo la Naivasha lituhusu sisi? Kwa sababu serikali za kaunti, zao na zetu, hupenda kujenga soko lenye paa na jokofu na kukata utepe, huku fuo za kutulia mashua zikimezwa na maji au na kuta za watu binafsi. Soko bila ufuo ni duka la samaki wa mbali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari mpya. Ni haki yao. Lakini mama anayekaanga, ambaye riziki yake yaanza pale mashua inapotua, twamhesabu wapi? Katika mipango yetu mingi hayumo kwenye orodha ya wavuvi, wala ya wenye hoteli.

Yule mama wa Kamere nilimuuliza atafanyaje maji yakipanda tena. Akaninyooshea kidole nyuma ya kibanda, kwenye ua wenye seng'enge. "Hapo ni kwa mtu," akasema, akageuza samaki. "Tukifika hapo, hatuna pa kusogea."