Mwanafunzi wa fildi aingie kiwandani na karatasi mbili

Mnunuzi wa mihogo anayepakia Kisarawe na kushusha Buguruni huuliza mambo matatu: bei ya shambani, nauli ya lori na hali ya mzigo utakapofika sokoni. Mwenye mashine ya kusaga huongeza la nne, makopa yamekauka kiasi gani. Lakini liko swali la tano ambalo wengi hawaliulizi mpaka siku fedha nyingi inapoingia: maarifa yanayoiendesha biashara ni mali ya nani?

Swali hilo linawahusu sana wafanyabiashara wa mkoa wa Pwani. Kibaha ina viwanda katika maeneo kama TAMCO, Zegereni na Kwala, na wakati huo huo ni mji wa elimu na utafiti. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na Tanzania ikakabidhiwa mwaka 1970. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha kinajulikana kwa kazi yake ya miwa na mihogo. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam haviko mbali. Ndiyo maana mwanafunzi wa fildi si mgeni katika lango la kiwanda, na mwenye kiwanda humpokea kwa furaha kwa kuwa ni nguvu kazi ya gharama ndogo.

Makosa huanzia hapo. Mwanafunzi hupokelewa kwa barua ya chuo na maneno ya mdomo, basi.

Chukua mfano wa kiwanda kidogo cha unga wa muhogo. Mwanafunzi wa uhandisi amekuja kwa wiki nane. Anaona makopa yanakaa juani siku nyingi na kushika ukungu, anachora kikaushio, na fundi wa kiwanda anakichomelea. Kikaushio kinafanya kazi vizuri, na mwaka unaofuata mwenye kiwanda anaanza kuviuza kwa wenzake. Sasa wadai ni watatu. Kiwanda kilitoa vyuma na fundi. Mwanafunzi alitoa akili. Chuo nacho huenda kina sera inayosema kuwa kazi iliyofanywa chini ya usimamizi wa mhadhiri wake ina fungu la chuo.

Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 inaelekea upande wa mwajiri: uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wake, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2001, imefafanua zaidi. Huko hata mfanyakazi ambaye hakuajiriwa ili avumbue, akivumbua kwa vifaa vya mwajiri, haki ni ya mwajiri, lakini mfanyakazi anastahili malipo ya haki yatakayozingatia mshahara wake na thamani ya uvumbuzi wenyewe.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo zinamzungumzia mwajiriwa. Mwanafunzi wa fildi hana mkataba wa kazi na mara nyingi hana mshahara. Mwenye kiwanda anayedhani kila kilichobuniwa ndani ya uzio wake ni chake anajenga juu ya mchanga.

Wapo wasemao kuwa makaratasi ni ya makampuni makubwa. Inafaa wakumbuke yaliyoikuta kampuni kubwa. Mwaka 2000 Nkosana Makate, kijana wa idara ya uhasibu ya Vodacom nchini Afrika Kusini, alitoa wazo la kumwezesha mtu asiye na salio kumwarifu mwenzake ampigie. Huduma ikaitwa Please Call Me. Mkuu mmoja alimwahidi kuwa wazo likifanikiwa malipo yatazungumzwa. Yalipokuja mafanikio, kampuni ilikataa. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa ahadi ile inaifunga kampuni na kwamba lazima ikae naye kitako. Makate alikataa randi milioni 47, kesi ikaendelea, na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama mwaka 2025. Robo karne imepotea kwa ahadi ambayo ingetosha nusu ukurasa.

Wawekezaji wadogo walionunua hisa za Vodacom Tanzania kwa Sh 850 mwaka 2017 walinunua kampuni nyingine, ingawa kampuni mama ni moja. Hata hivyo funzo ni la kila mwenye hisa: ahadi isiyoandikwa ni deni lisiloonekana katika vitabu vya hesabu, na siku likiibuka hulipwa kutoka katika faida.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ieleze nani atamiliki kitakachobuniwa, nani ataomba hataza BRELA, na mbunifu atapata asilimia ngapi ya mauzo. Si busara mwenye kiwanda kujiandikia kila kitu. Kijana anayejua kuwa hatapata hata senti hulificha wazo lake, kisha hulipeleka kwa jirani mwenye mashine kama hiyo hiyo. Fungu dogo lililoandikwa ni ulinzi wa bei rahisi.

Karatasi ya pili inahusu taarifa za mwanafunzi mwenyewe. Huja na nakala za vyeti, matokeo, namba ya kitambulisho cha taifa, pengine na majibu ya vipimo vya afya. Nakala hizo zikiachwa katika droo isiyo na kufuli, haishangazi zikafika kwa dalali wa ajira au kwa mkopeshaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imefunga mlango huo. Anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili kwa Tume, achukue zile tu anazohitaji, na asizitoe kwa mwingine bila ridhaa ya mwenyewe au amri ya sheria. Kampuni ikikosea, faini inaweza kufika Sh bilioni 5.

Amri ya sheria nayo ipo, na isichanganywe na umbea. Kijana huyo akihitimu na kuajiriwa, mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 na kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kama anadaiwa. Kumpelekea Bodi taarifa hizo ni wajibu. Kubandika matokeo yake ya chuo ukutani ili wenzake wamcheke ni kosa.

Vyuo navyo havina budi kutimiza wajibu wao. Sera ya ubunifu iliyofungiwa kabatini haimsaidii mwenye kiwanda wa Zegereni wala mwenye mashine ya kusaga wa Kisarawe. Kila barua ya fildi iambatane na ukurasa mmoja unaosema chuo kinadai nini katika kazi ya mwanafunzi wake, na ni taarifa zipi za mwanafunzi ambazo chuo kimekubali kuzitoa. Chuo kisichofanya hivyo kisije kudai fungu wakati mashine imeshapata soko.

Mfanyabiashara hapakii gunia hata moja la mihogo kabla ya kukubaliana bei. Akili ya kijana nayo ni mzigo, na bei yake ipatanwe langoni, kabla ya kupakia.