Hiyo i7 Itakusubirisha Vilevile

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Embu ambalo sitalitaja kwa sababu bado ninaketi humo, pasta alisema kwamba moyo wa mwenye dhambi ni kama kompyuta ya Celeron: usiutupe, ubadilishie prosesa tu, uwe i7. Watu wakapiga makofi. Kuhusu dhambi sina ubishi naye. Kuhusu Celeron ninao, tena mrefu.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia. Dada mwenye saiba karibu na kwangu, naye alikuwa kanisani. "Kaka, nikitoa hizi i3 niweke i7, mashine zitapona?"

Mashine zake ni nne, Dell OptiPlex 7010, zile zilizostaafu katika ofisi za Uingereza zikaja kwetu kwa jina la ex-UK. Zina diski ya kuzunguka na RAM ya gigabaiti 4. Ukiiwasha moja, mteja aliyekuja kuomba mkopo wa chuo anaweza kwenda sokoni, akabishana bei ya ndizi, akarudi, akakuta duara bado linazunguka. Na dada huyu, kama nusu ya nchi hii, anaamini kuwa dawa ni prosesa yenye nambari kubwa.

Basi nitasema jambo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mashine hizi hazijakosa akili. Zinasubiri. Diski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kichwa chake kikitafuta kipande cha faili huku, halafu kingine kule, kila safari hula kama milisekunde 12. Kwako hizo si kitu. Kwa prosesa ya gigahezi 3 hayo ni mapigo milioni 36 ya kukaa imekunja mikono, na Windows inapoamka huagiza safari za namna hiyo kwa maelfu. Sasa weka i7-3770 yenye gigahezi 3.4. Itakunja mikono kwa mapigo milioni 40 na ushei. Umelipa pesa ili kompyuta yako isubiri kwa kasi zaidi.

"Lakini gari likichoka si unabadilisha injini?" Jibu hili nimeletewa na mafundi, walimu, na sasa madhabahu. Haya, tupande hilo gari. Matatu ya Embu kwenda Meru imefungwa injini mpya, inanguruma kama simba. Inafika Chuka, makanga anashuka kuita abiria wawili wa mwisho, nusu saa inaisha. Injini mpya iko stejini, inanguruma. Umefika Meru? Diski yako ndiye makanga. Mshughulikie yeye kwanza: itoe hiyo, uweke SSD, diski isiyozunguka.

Tena, nani aliwaambia injini huingia popote? Mwenye nyumba ni madabodi, prosesa ni mpangaji tu, na mimi nililipia somo hilo. Mwaka 2021 nilikuwa na mashine ya kizazi cha sita cha Intel, soketi 1151. Nikasikia kwamba prosesa za kizazi cha nane nazo ni 1151. Nikaenda Makutano, Meru, nikanunua i7-8700 ya mtumba kwa pesa iliyokuwa ya karo. Iliingia bila kusukumwa. Nikapaka pesti ya joto, nikafunga feni, nikawasha. Kioo cheusi. Intel walikuwa wameshabadilisha mpangilio tangu 2017: pini ni zilezile 1151, lakini kizazi cha nane kinataka bodi za mfululizo wa 300. Kijana wangu alikaa nyumbani wiki nzima. Naye akawa anasubiri.

Nilipokuwa nikisimulia kisa hiki, mwanafunzi mmoja wa chuo kule Nchiru alinikatiza hapo. Bodi za AMD za AM4, akasema, hata za 2017, zinaweza kupokea prosesa za Ryzen za 2020 ukisasisha BIOS. Kweli kabisa. Anionyeshe saiba moja Mitunguu yenye bodi hiyo, nitanyamaza mwaka mzima.

Na jina lenyewe i7 linawapumbaza bure. Laptopu yenye i7-7500U ina koa (core) mbili. i5-2400 ya mwaka 2011, ile mnayoidharau, ina koa nne. Lakini nani husoma herufi za mwisho? Stika inang'aa, inatosha.

Nikamwambia dada ukweli wote. OptiPlex 7010 zake zingeikubali i7-3770, maana bodi ile hupokea kizazi cha pili na cha tatu. Hapo ndipo barabara yake inapoishia. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu. Kwenye lango hilo i7 ya 2012 na i3 ya 2012 zinafukuzwa pamoja, bila kuulizwa vyeo. Sasa zikifukuzwa, utaenda na nini? SSD utaichomoa uhamie nayo kwenye mashine nyingine. Ile i7 itazikwa na bodi yake.

Pesa aliyokuwa ametenga kwa i7 moja akanunulia SSD mbili. Jumanne jioni nilizifunga. Ndani ni i3 zilezile, na mteja hapati tena nafasi ya kwenda kununua ndizi.

i7-8700 yangu bado imo drooni. Pasta akiitaka nitampa, na msomaji yeyote vilevile, ila aje kwanza na jina la bodi yake.